Hosay na Idi: Sikukuu za Kiislamu katika Kisiwa cha Trinidad

Trinidad ndicho kisiwa kikubwa kati ya viwili vikuu vinavyounda Jamhuri ya Trinidad na Tobago, nchi ya Karibi iliyo jirani kabisa na pwani ya Venezuela. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 1.3 hivi. Wenye asili ya India walikuwa asilimia 35, wenye asili ya Afrika asilimia 34, na waliochanganya damu karibu asilimia 23. Kwa dini, Wakatoliki walikuwa wengi kuliko dhehebu jingine lolote, wakifuatiwa na Wahindu. Waislamu walikuwa asilimia 5 tu, yaani mtu mmoja kati ya ishirini.

Idadi hiyo ni ndogo, lakini alama waliyoiacha Waislamu katika kalenda ya kisiwa hicho ni kubwa. Siku mbili zao zinajulikana na kila mkazi. Ya kwanza ni Hosay, maombolezo ya mwezi wa Muharram, ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki huuita Mfunguo Nne. Humkumbuka Imam Husein bin Ali, mjukuu wa Mtume, aliyeuawa katika uwanja wa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 Hijria, sawa na mwaka 680, na jina lake limetokana na kilio cha waombolezaji wakimwita Husein. Ya pili ni Idi-el-Fitri, sikukuu ya kufungua baada ya Ramadhani. Hosay ilikuzwa barabarani na watu wa dini na rangi zote, na kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni iliiogopa kiasi cha kuipiga risasi. Idi ilipita njia ya misikiti, vyama, skuli na sheria, hadi ikawa siku ya mapumziko ya taifa zima. Bila kuzitazama zote mbili, historia ya Uislamu wa Trinidad haieleweki.

Waislamu wa mwanzo kisiwani hawakutoka India, bali Afrika Magharibi. Waingereza walikinyang'anya kisiwa hicho kutoka kwa Wahispania mwaka 1797, wakati mashamba mengi yakiwa mikononi mwa walowezi wa Kifaransa waliokuja na watumwa wao. Miongoni mwa watumwa hao, na miongoni mwa askari weusi wa vikosi vya Uingereza vya Karibi, walikuwamo Wamandinka waliosoma Kurani na walioweza kuandika Kiarabu. Mashuhuri wao alikuwa Jonas Mohammed Bath, kiongozi wa jumuiya ya Wamandinka huru mjini Port of Spain. Jumuiya hiyo ilichanga fedha na kuwakomboa Waislamu wenzao, na katika miaka ya 1830 ilimwandikia mfalme wa Uingereza kuomba kurudishwa Afrika. Ombi lilikataliwa. Wazee hao walifia ugenini, na watoto wao wengi wakaingizwa katika Ukristo. Skuli, ndoa na kazi zote zilipitia kanisani. Wamesahauliwa mno katika simulizi za kisiwa hicho, ingawa sala ya Idi ilisaliwa Trinidad na wao kabla ya Mhindi yeyote kukanyaga gatini.

Utumwa ulikoma kisheria mwaka 1834, na kile kipindi cha kazi ya lazima kilichobandikwa baada yake kikaisha tarehe 1 Agosti 1838. Watu walioachiwa huru waliyakimbia mashamba ya miwa au wakadai ujira wa haki. Wenye mashamba, badala ya kulipa, waliitazama India. Tarehe 30 Mei 1845 meli iitwayo Fatel Razack ilitia nanga Port of Spain ikiwa na Wahindi zaidi ya 200 kutoka Calcutta. Kutoka hapo hadi mwaka 1917, meli ziliwaleta watu wapatao 144,000 kwa mikataba ya miaka mitano. Mkataba uliwafunga kweli kweli. Aliyetoka nje ya shamba bila cheti alikamatwa, na aliyekosa kazi bila ruhusa alipelekwa mahakamani na aghalabu kufungwa jela.

Wengi wa wahamiaji hao walikuwa Wahindu. Waislamu hawakuzidi sana mmoja kati ya saba, na kati ya Waislamu wenyewe Washia walikuwa wachache. Kwa hiyo mtu anaweza kushangaa ilikuwaje maombolezo yenye asili ya Kishia yakawa ndiyo siku kubwa ya Wahindi wote wa Trinidad. Jibu liko walikotoka. Maelfu yao walitoka katika nchi za bonde la Ganges, zikiwemo za Awadh, ambako watawala wa Kishia wa Lucknow walikuwa wameyakuza maombolezo ya Muharram kwa vizazi kadhaa. Huko, Sunni na Mhindu walitembea pamoja na Mshia nyuma ya tazia, ule mfano wa kaburi la Husein uliotengenezwa kwa mianzi na karatasi. Mwanamke wa Kihindu aliyetamani mtoto aliweka nadhiri mbele yake. Watu hao walipopakiwa melini walikuja na desturi iliyokwisha kuwa ya wote.

Kufika miaka ya 1850 tazia zilikuwa zikijengwa katika mashamba ya Trinidad. Kila shamba lilikuwa na yake, na siku ya kumi ya Muharram makundi yaliungana njiani, ngoma mbele, tazia nyuma, kuelekea mtoni au baharini ambako mifano hiyo ilitoswa. Kwa mtu aliyeishi mwaka mzima chini ya kengele ya nokoa, asiyeweza kuvuka mpaka wa shamba bila karatasi, siku hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Alitoka nje ya shamba akiwa na maelfu ya wenzake, akapita katika barabara kuu ya mji, akakutana na ndugu wa melini aliyepelekwa shamba jingine.

Jambo la pili lilifuata upesi. Wajukuu wa watumwa wa Kiafrika waliokaa pembezoni mwa mashamba waliingia katika msafara. Walipiga ngoma, walisaidia kubeba tazia, waliimba na kucheza. Maofisa wa kikoloni na magazeti ya wakati huo waliiita shughuli hiyo karnivali ya makuli, jina la dharau lililowatukana wafanyakazi na kuyageuza maombolezo kuwa tamasha. Hata hivyo jina hilo linaonyesha walichokiona kwa macho yao: tabaka la chini la kisiwa kizima lilikuwa limepata siku ya kukutana.

Miaka ya 1880 ilikuja na shida. Sukari ya viazisukari vilivyolimwa Ulaya ilishusha bei ya sukari ya miwa, na wenye mashamba wakawabana wafanyakazi kwa kuwaongezea kazi bila kuwaongezea ujira. Migomo iliongezeka. Wakati huohuo serikali ilikuwa katika ugomvi na wakazi weusi wa mijini juu ya Karnivali, hasa juu ya msafara wa usiku wenye mienge na fimbo ulioitwa Canboulay. Mwaka 1881 polisi chini ya Kapteni Baker walipambana na wacheza Karnivali mitaani Port of Spain. Wahindi kwa wakati huo walikuwa karibu theluthi ya watu wote wa kisiwa. Watawala walioketi juu ya makundi mawili makubwa yenye manung'uniko waliingiwa na hofu ya siku ambayo makundi hayo yangesimama pamoja, na Hosay ilikuwa siku kama hiyo.

Mwaka 1884 serikali ilitoa kanuni mpya. Misafara ya Muharram ilikatazwa kuingia katika miji ya Port of Spain na San Fernando, na kupita katika barabara kuu bila kibali. Asiyekuwa Mhindi au mzawa wa Wahindi alikatazwa kushiriki. Kanuni hii ya mwisho ndiyo yenye kueleza nia ya nyingine zote. Isingekuwa na maana kuwazuia watu weusi kama wasingekuwemo, na kama kuwemo kwao kusingewatisha watawala.

Wafanyakazi walijaribu kwanza njia ya adabu. Mwezi Oktoba mtu aitwaye Sookhoo, Mhindu wa shamba la Philippine karibu na San Fernando, pamoja na wenzake zaidi ya thelathini, walipeleka ombi kwa serikali. Walieleza kwamba msafara ni ibada yao, na wakaomba waachiwe kuifanya kama walivyoizoea. Inafaa kuangalia ni nani aliyeongoza ombi hilo: Mhindu, akitetea haki ya kumlilia mjukuu wa Mtume wa Waislamu. Serikali ilikataa.

Tarehe 30 Oktoba 1884 ilikuwa siku ya Ashura. Maelfu ya wafanyakazi walitoka mashambani kusini mwa kisiwa wakielekea San Fernando na tazia zao. Polisi wenye silaha na wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakiwasubiri katika njia za kuingilia mjini. Penye kizuizi cha ushuru katika mtaa wa Cipero, hakimu Arthur Child alisoma tangazo la kuwataka watu watawanyike. Lilisomwa kwa Kiingereza, mbele ya umati ambao wengi wao hawakukijua, huku ngoma zikivuma. Msafara haukusimama. Amri ya kupiga risasi ikatolewa. Upande mwingine wa mji, penye njia panda ya Mon Repos, msafara wa pili ulipigwa risasi vilevile.

Hesabu za waliokufa hazilingani. Za chini zinataja watu tisa, za juu 22, na majeruhi walizidi 100. Miongoni mwa walioanguka walikuwemo Wahindu na Waislamu. Risasi hazikuwachagua kwa dini. Watu waliokuwa wamebeba mfano wa kaburi la Husein walizikwa wao wenyewe, na tazia zikabaki zimevunjika barabarani.

Serikali ya Uingereza ilimteua Sir Henry Norman, gavana wa Jamaica, kufanya uchunguzi. Ripoti yake iliwaondolea lawama maofisa. Iliitazama mikusanyiko hiyo kama hatari kwa usalama, ikasema hatua zilizochukuliwa zilihitajika. Hakuna aliyeadhibiwa. Wahindi wa Trinidad wanayaita mauaji hayo kwa jina la jahaji, neno walilotumia watu waliosafiri katika meli moja, ambao undugu wao ulihesabiwa sawa na wa damu. Kwa muda mrefu habari zake hazikufundishwa skulini. Mwanahistoria Kelvin Singh alipochapisha kitabu juu ya mauaji hayo mwaka 1988, zaidi ya karne moja ilikuwa imepita.

Baada ya 1884 Hosay ilinyauka. Misafara mikubwa ya mashambani ilikatika, na katika wilaya nyingi desturi ikaisha kabisa. Ilibaki hai sehemu mbili. Moja ni Cedros, rasi ya mbali kusini-magharibi mwa kisiwa, ambako wavuvi na wakulima waliiendeleza kwa utulivu mbele ya bahari. Ya pili ni St James, pembeni mwa Port of Spain, mtaa uliojengwa katika ardhi ya shamba la zamani la miwa na kukaliwa na Wahindi waliomaliza mikataba. Barabara zake bado zina majina kama Delhi, Calcutta, Bombay na Lucknow. St James ulipomezwa na mji, watu weusi, Wachina na waliochanganya damu wakaja kukaa humo, na Hosay ikapata majirani wapya.

Matayarisho huanza wiki kadhaa kabla ya Muharram kuandama. Familia chache zimeshika urithi wa kujenga tazia, baba kwa mwana, kila moja ikiwa na uwanja wake uliozungushiwa ua. Kazi hufanyika usiku. Anayeingia uwanjani huvua viatu. Wajenzi hujizuia kula nyama, kunywa pombe na kulala na wake zao mpaka shughuli iishe. Kiunzi hutengenezwa kwa mianzi na matete, kisha hufunikwa kwa karatasi za rangi, vioo na vitu vya kumetameta, mpaka kisimame kama msikiti mdogo wenye kuba na minara. Tazia kubwa hupita urefu wa mtu mara mbili na zaidi. Fedha hutoka mifukoni mwa familia na michango ya majirani, na mafundi hufanya kazi bila ujira. Ni kazi ngumu, ya gharama, inayokwenda kutoswa majini baada ya siku chache. Wenyewe huona kwamba kuitosa ndiko kunakoikamilisha.

Misafara ya St James ina mpangilio wake. Usiku wa kwanza ni wa bendera, zinazobebwa kukumbuka jeshi dogo la Husein. Usiku wa pili hutolewa tazia ndogo. Usiku wa tatu, ule wa kuamkia siku ya kumi, hutoka tazia kubwa, pamoja na miezi miwili: maumbo makubwa ya hilali, moja jekundu kwa damu ya Husein, moja la kijani kwa sumu iliyomuua kaka yake Hassan. Kila mwezi hubebwa begani na mtu mmoja, ambaye huuzungusha huku akicheza, na kwa kuwa uzito wake ni mkubwa hupokezana na wenzake. Katikati ya barabara miezi hiyo miwili hukutanishwa ikagusana, ndugu wawili wakiagana. Mchana wa Ashura tazia huzungushwa tena, na siku ya tatu baadaye hutoswa.

Sauti ya Hosay ni ya ngoma iitwayo tassa. Ni chungu cha udongo kilichowambwa ngozi ya mbuzi, hupigwa kwa fimbo mbili nyembamba, na kabla ya kupigwa huwekwa karibu na moto wa pembezoni mwa barabara ili ngozi ikaze. Huandamana na ngoma kubwa ya mti na matoazi ya shaba. Kuna mapigo ya mwendo, ya vita na ya msiba, na msikilizaji mzoefu hutambua hadithi imefika wapi kwa kusikia tu. Tassa imetoka katika Hosay ikaenea kisiwa kizima. Leo hupigwa katika arusi za Wahindu na katika Karnivali, na miongoni mwa wapigaji wake hodari wamo vijana wa asili ya Afrika. Kanuni ya 1884 iliyowakataza wazee wao kushika ngoma hizo imeshindwa kabisa, na hilo ni miongoni mwa mambo ya kufurahisha sana katika historia hii.

Si Waislamu wote wanaofurahi. Sunni, ambao ndio wengi, tangu zamani wameilaumu Hosay. Masheikh wao husema kujenga mfano wa kaburi na kuupigia ngoma hakuna msingi katika dini. Lawama nyingine ni juu ya watazamaji: barabara za St James hujaa maelfu ya watu, na wapo wanaokuja na chupa za bia kana kwamba wamefuata Karnivali. Lawama hii ya pili ni ya haki, na wajenzi wa tazia ndio wa kwanza kuitoa. Katika miaka ya 1990 walifika pia wahubiri wa Kishia kutoka Amerika Kaskazini, wakiwemo wa Bilal Muslim Mission, taasisi yenye mizizi Tanzania, ambako ilianzishwa miaka ya 1960 chini ya Sayyid Saeed Akhtar Rizvi. Hao walikuwa na picha nyingine ya Muharram: majlisi, mawaidha, nguo nyeusi na maandamano ya huzuni, kama yanavyofanywa na Makhoja Ithnaasheri wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa. Familia za St James ziliwasikiliza kwa heshima, zikaendelea na desturi ya mababu zao. Ni vigumu kuwalaumu. Ibada iliyolipiwa damu mwaka 1884 haikuwa rahisi kuirekebisha kwa shauri la mgeni, hata awe na elimu kiasi gani.

Wakati Hosay ikishikiliwa na familia chache, Waislamu wengi walikuwa wakijenga jambo jingine. Waliomaliza mikataba walinunua au kupewa vipande vya ardhi, wakajenga misikiti ya mbao na udongo vijijini, wakawafundisha watoto Kurani. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikaanza vyama. Kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote ni Anjuman Sunnat-ul-Jamaat Association, kinachojulikana kwa kifupi ASJA, kilichopata usajili wa kisheria katika miaka ya 1930. Vyama hivyo vilikuwa na mambo ya kupigania. Ndoa iliyofungwa na imamu bila kuandikishwa serikalini haikuhesabika kuwa ndoa mbele ya sheria ya kikoloni. Mke alihesabiwa kimada, na watoto wakakosa urithi kwa kuitwa wa nje. Waislamu walipata sheria ya kuandikisha ndoa zao katikati ya miaka ya 1930. Wahindu walisubiri takriban miaka kumi zaidi.

Skuli zilifuata. Kwa miongo mingi mtoto wa Kihindi aliyetaka kusoma alikwenda skuli ya misheni, hasa ya Wapresbiteri wa Kanada, na wengi walibadili dini ili wapate kazi ya ualimu. Mwaka 1949 skuli ya Kiislamu ya El Socorro ilianza kupata ruzuku ya serikali, ya kwanza nje ya madhehebu ya Kikristo. Mwaka 1954 ukafunguliwa msikiti wa Jinnah katika mji wa St Joseph, wenye kuba na minara inayoonekana kutoka barabara kuu. Kwa hatua za namna hii, zisizo na ngoma wala bendera, Waislamu walitoka katika hali ya wageni wa mkataba wakawa raia wenye sauti.

Uhuru ulipatikana tarehe 31 Agosti 1962. Waziri mkuu, Dk. Eric Williams, alikuwa mwanahistoria, na chama chake kiliungwa mkono hasa na watu wenye asili ya Afrika. Wahindi wengi walikuwa upinzani na waliuingia uhuru kwa wasiwasi. Hata hivyo Waislamu kadhaa walikuwa ndani ya serikali, mashuhuri wao akiwa Kamaluddin Mohammed, ambaye kabla ya siasa alipendwa na Wahindi wa dini zote kwa vipindi vyake vya muziki wa Kihindi redioni. Hadi wakati huo mapumziko ya dini yaliyoandikwa katika sheria yalikuwa ya Kikristo tu: Krismasi, Ijumaa Kuu, Pasaka na Corpus Christi. Mwaka 1966 serikali iliongeza siku mbili, Idi-el-Fitri kwa ajili ya Waislamu na Divali kwa ajili ya Wahindu. Siasa ilikuwemo, kwani taifa changa lilihitaji kuwapoza raia waliojiona wametengwa. Lakini uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Miaka 121 baada ya Fatel Razack, mtoto wa Kiislamu hakuhitaji tena kuomba ruhusa skulini ili aende kusali Idi.

Idi ya Trinidad huanza na mwezi, na kama ilivyo kwingine, kuuona mwezi huleta mabishano: vyama vingine hutegemea jicho, vingine hesabu, na miaka kadhaa misikiti imesali siku tofauti. Serikali hutangaza siku ya mapumziko mapema. Alfajiri familia huoga, hutoa zaka ya fitri, huvaa nguo mpya na kwenda kusali msikitini au uwanjani. Rais na waziri mkuu hutoa salamu kwa taifa. Baada ya sala huanza ile sehemu inayowahusu wakazi wote wa kisiwa, nayo ni chakula.

Sahani ya lazima ni sawine, tambi nyembamba zilizokaangwa kidogo kisha kupikwa kwa maziwa, sukari, mdalasini, karafuu na zabibu kavu. Mswahili yeyote aliyekula tambi asubuhi ya Idi ataitambua mara moja, kwani mapishi hayo yamevuka bahari kutoka India kwenda pande zote mbili. Sufuria haipikwi kwa hesabu ya watu wa nyumbani. Bakuli za sawine hupelekwa kwa jirani Mkatoliki, kwa Mhindu wa ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu, kwa mwenye duka. Mchana hufuata kari ya mbuzi au kuku na roti, na wageni huingia bila kualikwa. Majirani hao nao hurudisha wakati wao: Divali hutoka vitamutamu vya Wahindu na taa za udongo, Krismasi hutoka keki nyeusi ya Wakristo. Katika familia nyingi jirani huyo ni ndugu hasa, maana ndoa za dini mbili ni za kawaida, na si ajabu nyumba moja kuwa na Idi ya shangazi na Krismasi ya bibi.

Ustahimilivu huo ulipata mtihani mgumu tarehe 27 Julai 1990. Kundi lenye silaha liitwalo Jamaat al Muslimeen, chini ya Yasin Abu Bakr, lilivamia bunge na kituo cha televisheni na kumshika mateka waziri mkuu pamoja na wabunge. Lilikuwa kundi dogo, wafuasi wake wengi wakiwa Waislamu wapya wenye asili ya Afrika, na vyama vikubwa vya Kiislamu havikuwa pamoja nalo. Watu waliuawa na katikati ya Port of Spain kukaporwa na kuchomwa moto. Siku hizo zilikuwa za kumi la kwanza la Muharram mwaka 1411, na kundi lilisalimu amri tarehe 1 Agosti, Ashura ikiwa mlangoni, nchi ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Ungeweza kuwa mwisho wa kuaminiana. Haukuwa. Rais wa nchi wakati huo alikuwa Noor Hasanali, jaji na Muislamu, wa kwanza wa dini hiyo kuwa mkuu wa nchi katika bara zima la Amerika. Alishika wadhifa tangu 1987, akachaguliwa kwa kipindi cha pili baada ya jaribio hilo, na kuondoka mwaka 1997 akiheshimiwa na pande zote.

Sikukuu hizi mbili zinaendelea, kila moja kwa njia yake. Hosay imetoweka au kufifia karibu kila mahali pengine katika Karibi ambako Wahindi waliipeleka, ikiwemo Guyana iliyopokea wahamiaji wengi kuliko Trinidad. St James na Cedros bado zinaijenga kila mwaka, na mwaka wa mwezi, ambao ni mfupi kwa siku kumi na moja, huizungusha katika majira yote ya kiangazi na mvua. Kwa sheria haina nafasi: katika mapumziko rasmi ya Trinidad na Tobago, Idi-el-Fitri ndiyo siku pekee ya Kiislamu, na Idi-el-Hajj na Ashura hazimo. Waislamu wengi hawadai Ashura iingizwe, wala wajenzi wa tazia hawahitaji amri ya serikali ili watoke barabarani. Lakini waliouawa San Fernando tarehe 30 Oktoba 1884 wanadai kitu kingine, nacho ni kutajwa. Walikufa wakitetea haki ya watu wa dini mbalimbali kuadhimisha siku moja pamoja, miaka 82 kabla ya taifa lao kuikubali haki hiyo kwa sheria, na kila skuli ya Trinidad inapaswa kuifundisha habari yao.